Bezaleli Atoke Kwamndolwa

Masomo: Kutoka 31:1–6, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 14:28–30

Wapendwa wa Kwamndolwa hapa Korogwe, wa Manundu na Mtonga, wa Handeni na wa vijiji vyote vya bonde la Mto Pangani!

Chukueni ramani ya Tanzania. Wekeni rula kwenye Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, mvute mstari ulionyooka hadi Kiwanja cha Kilimanjaro. Mstari huo unapita kati ya Handeni na Korogwe. Maana yake, njia fupi kuliko zote kati ya viwanja hivyo viwili vikubwa iko juu ya bati zetu, juu ya mahindi yetu na katani yetu. Hapo juu anapita mfanyabiashara, anapita mtalii anayekwenda kuuona Mlima, anapita mama anayewahi msiba wa ndugu yake. Na mtoto wetu anasimama kwenye uwanja wa shule, anakinga jua kwa kiganja, anapunga mkono mpaka ndege ipotee.

Mtoto apunge, wala msimkataze. Lakini mwambieni na hili: ndege ile haikai angani kwa bahati. Usiku, sisi tukiwa tumelala, kuna watu wanaoingia karakanani na tochi na spana, wanafungua vifuniko vya injini, wanapima, wanabadilisha, wanaandika, na mwisho mmoja wao anaweka saini. Abiria hamjui jina. Hamshukuru wakati wa kushuka. Hata hivyo amemkabidhi uhai wake wote kuanzia Dar es Salaam hadi Kilimanjaro.

Ujumbe wangu leo ni mmoja, nao nitausema wazi. Kijana mwenye kipawa cha hesabu na mikono ya ufundi, uhandisi wa ndege ni wito mtakatifu, kama ulivyo uuguzi na kama ulivyo uchungaji, kwa sababu uhai wa watu wasiokuona umewekwa juu ya uaminifu wako. Uchague. Uuchague ukiwa umehesabu gharama. Na uuanze leo, hapa hapa Kwamndolwa, kabla hujaona mlango wa chuo.

KWANZA: MUNGU HUMJAZA FUNDI ROHO YAKE

Tuanze na Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Wana wa Israeli wako jangwani. Wametoka utumwani, hawana nchi, hawana mji. Mungu anataka wamjengee hema, naye anamwambia Musa kwamba amekwisha kumwita mtu kwa jina lake na kumjaza Roho yake. Sikilizeni ni kazi gani aliyojaziwa Roho. Kubuni. Kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Kukata vito. Kuchonga mbao. Kisha akapewa mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, maana kazi kubwa ya ufundi haifanywi na mtu mmoja.

Ni nani basi aliyetufundisha kwamba Roho wa Mungu anaishia madhabahuni? Kijana akienda chuo cha Biblia tunamwita mbele, tunamwekea mikono, mama zetu wanalia. Kijana akienda chuo cha ufundi tunamwambia safari njema, basi. Mungu wa Kutoka 31 hakufanya hivyo. Alimwita fundi kwa jina.

Tazameni na waanzilishi wa ndege, ndugu Wilbur na Orville Wright: walikuwa wana wa askofu, Milton Wright. Katika mji wa Dayton, Marekani, walikuwa na duka la baiskeli: wakiuza, wakitengeneza, wakibadilisha minyororo na spoku. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepata shahada. Mwaka 1901 waligundua kwamba majedwali ya hesabu za mabawa waliyokuwa wakiyaamini hayaendani na walichokiona kwa macho yao. Wakajenga sanduku la kupitisha upepo, wakapima humo maumbo ya mabawa yapata 200, moja baada ya jingine, wakiandika kila tarakimu. Walipokosa injini ya kununua, fundi wao Charles Taylor aliitengeneza kwa muda wa wiki sita hivi. Tarehe 17 Desemba 1903 chombo chao kikaruka kwa sekunde 12, kikaenda takriban mita 36. Umbali huo ni mfupi kuliko urefu wa Boeing 787 moja ya Air Tanzania, ile iitwayo Dreamliner.

Vijana wa stendi ya Korogwe mnaofungua injini za bodaboda na kuzirudisha zikanguruma, mmesikia? Mafundi baiskeli! Wao walisoma bila chuo kwa sababu chuo cha ndege hakikuwapo popote duniani. Ninyi chuo kipo, tena ndani ya nchi yenu. Mkisema haiwezekani, mnamwambia nani?

Najua jibu la moyoni: sisi ni watu wa katani, mambo ya ndege yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipanda Pangani miche ya kwanza ya mkonge, na tangu hapo bonde hili limejua uzi wa katani kuliko bonde lolote la Afrika Mashariki. Chukua uzi mmoja wa katani: unapinda kwa kidole. Weka maelfu yake upande mmoja, yashike kwa plasta, nawe utapata dari lisilopasuka. Basi mwili na mabawa ya Boeing 787 ambayo Air Tanzania iliipokea Julai 2018 vimejengwa kwa kanuni hiyo hiyo: nyuzi nyembamba za kaboni zilizopangwa kwa mwelekeo uliohesabiwa, zikashikwa kwa gundi ngumu, zikaokwa chini ya joto na mgandamizo. Nusu ya uzito wa muundo wa ndege ile ni nyuzi na gundi. Mtoto aliyekua akiona singa zikianikwa juani anaweza kumwelewa mwalimu wa somo hilo siku ya kwanza darasani.

Tena ndege si ngeni katika bonde hili. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka na Mto Pangani yakatwaa Korogwe na Handeni mwezi Juni, yakiwa na kikosi cha ndege za upelelezi. Katika vita hivyo Waafrika kwa maelfu walibebeshwa mizigo ya wenye vita, na wengi hawakurudi makwao. Ndege ilipita juu, babu zetu wakapita chini na mizigo vichwani. Zaidi ya miaka mia moja imekwisha pita. Je, wajukuu wao waendelee kuwa watu wa chini wanaotazama juu? Hasha!

PILI: ZINGIRA DARI LAKO, MTU ASIANGUKE

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Nyumba za wakati ule zilikuwa na paa bapa, watu walipanda juu kupunga hewa na hata kulala. Torati ikaamuru: ukijenga nyumba mpya, zungushia dari lake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Hii ni sheria ya Mungu, wapendwa, imeandikwa pamoja na sheria za ibada. Mungu anamdai mjenzi damu ya mtu ambaye hajaanguka bado! Anamwambia: ifikirie ajali kabla haijatokea, kisha izuie kwa mikono yako.

Huo ndio uhandisi wa ndege tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1954 ndege mbili za Comet, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, zilipasuka angani na watu wote waliokuwamo wakafa. Wahandisi wa Uingereza hawakuridhika na maneno ya kufariji. Walichukua mwili mzima wa Comet nyingine, wakauzamisha katika tangi la maji, wakaujaza mgandamizo na kuutoa, wakaujaza na kuutoa, kana kwamba unaruka na kutua mara nyingi mno, mpaka metali ikapasuka mbele ya macho yao. Wakathibitisha kwamba metali ya ndege ile ilikuwa imechoka. Nyufa ndogo zilikuwa zikianzia kwenye kona za matundu ya mwili wa ndege, zikikua safari kwa safari bila mtu kuziona. Ndege ikasanifiwa upya. Mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya nchi zetu wakati huo, lilipopokea Comet 4, abiria wetu walipanda ndege iliyosahihishwa na watu waliokataa kuacha damu ile ipotee bure.

Sikieni na la pili. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliondoka Birmingham kwenda Málaga, Hispania. Ikiwa bado inapanda, kioo cha mbele cha rubani kiling'oka. Rubani akavutwa nje hadi kiunoni, wahudumu wakamshika miguu, msaidizi wake akaishusha ndege Southampton, na kwa rehema za Mungu rubani yule alipona. Sababu ilikuwa nini? Saa 27 hivi kabla ya safari kioo kilibadilishwa. Bolti zilikuwa 90. Kati yake 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa chini ya milimita moja. Aliyezichagua alilinganisha kwa macho bolti ya zamani na mpya. Hakufungua kitabu cha vipuri kuhakikisha namba yake.

Chini ya milimita moja! Kijana, Bwana wetu alipofundisha habari ya uaminifu katika mambo madogo, ulidhani anasema juu ya sadaka peke yake? Alikuwa anasema na wewe mwenye spana mkononi saa tisa za usiku, umechoka, msimamizi amelala, na kitabu kiko upande wa pili wa karakana. Inuka ukakifuate.

Nisemayo hayako mbali nasi. Serikali yetu ilipoanza kuifufua Air Tanzania mwaka 2016, tulishangilia Dash 8 Q400 mbili, kisha Dreamliner, kisha Airbus A220 za kwanza Afrika, kisha Boeing 767 ya mizigo mwaka 2023 na Boeing 737 MAX mwaka huo huo. Tulifanya vema kushangilia. Lakini mwishoni mwa 2022 baadhi ya Airbus zile zililazimika kuegeshwa kwa sababu ya matatizo ya injini zilizotengenezwa na Pratt & Whitney, matatizo yaliyozikumba pia kampuni nyingine duniani, na dawa yake haikuwa hapa nchini. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuruka katika anga la Ulaya. Juni 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi wa urukaji na wa uzima wa ndege.

Upungufu wa wataalamu wenye sifa! Wako wanaolisoma neno hilo wakakasirika, wako wanaolisoma wakacheka. Nehemia alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka hakukasirika, wala hakucheka. Aliketi akalia, akafunga, akaomba. Kisha akaenda kuukagua ukuta usiku, akapanga watu wagawane ukuta, na jamaa kadhaa wakajenga sehemu zilizoelekea nyumba zao. Sehemu ya ukuta inayoelekea nyumba yenu, enyi watu wa Kwamndolwa, ni huyu mtoto aliyepata alama nzuri za Fizikia na hamjui mumpeleke wapi. Ndege inanunuliwa kwa fedha. Mhandisi hanunuliwi, analelewa, na huanza kulelewa nyumbani.

TATU: HESABU GHARAMA

Bwana alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Basi tuketi tuhesabu, mzazi na mtoto, bila kudanganyana.

Jueni kwanza mnachokichagua. Tukitaja ndege, kila mtoto anafikiri urubani. Urubani ni kazi njema, lakini leo sihubiri urubani. Kuna shahada ya uhandisi wa anga, inayofundisha kwa nini bawa linanyanyua, muundo unabebaje mzigo, injini inapataje msukumo: hiyo humtengeneza msanifu, mtafiti na mchambuzi. Na kuna uhandisi wa matengenezo ya ndege, unaomtengeneza mtu wa kuipa ndege uzima wake kila siku. Ni ndugu wawili wa tumbo moja, lakini si mtu mmoja. Chagueni mkijua.

Hapa nchini, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kinatoa stashahada na shahada ya uhandisi wa matengenezo ya ndege, na kupitia mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia kimejengewa uwezo kuwa kituo mahiri cha mafunzo ya usafiri wa anga. Stashahada inaweza kuanzwa na aliyemaliza kidato cha nne akiwa na masomo ya sayansi. Anayetaka shahada kamili ya uhandisi wa anga atazame Nairobi: Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya na Chuo Kikuu cha Kenyatta vinafundisha. Ethiopia ina chuo cha anga chini ya Ethiopian Airlines. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, nacho kinafundisha. Na anayepata uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hajapotea njia. Akipata shahada ya pili atafika kule kule.

Hesabuni na hili, maana wengi hulijua wakiwa wamechelewa: shahada peke yake haikupi ruhusa ya kusaini ndege. Ruhusa ni leseni, na hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe amefanya kazi za matengenezo kwa miaka minne, au miwili kama amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa hiyo baada ya joho la mahafali kuna miaka ya ovaroli. Utafuta mafuta. Utabeba ngazi. Utamshikia tochi mtu uliyemzidi elimu lakini aliyekuzidi mikono. Usione aibu: Yoshua alimtumikia Musa miaka mingi kabla ya kuvuka Yordani.

Na ada? Ni kubwa, sitawaficha. Lakini ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Upo ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Upo mfuko wa mafunzo wa TCAA ambao umekuwa ukisomesha Watanzania katika fani za anga. Milango hii haimfungulii mvivu wala asiyebisha. Mzazi, kama hujui kujaza fomu mtandaoni, mwombe mwalimu, mwombe kijana wa stationery, lakini tarehe ya mwisho isikukute shambani.

Je, akimaliza atakwenda wapi? Njooni niwaonyeshe upana wa shamba hili. Atakwenda karakanani: Air Tanzania, Precision Air, Coastal, Auric, na karakana kubwa ya matengenezo iliyopo Kiwanja cha Kilimanjaro. Atakwenda ofisi ya uhandisi, mahali panapopangwa lini kila kipuri kibadilishwe na panapotunzwa historia ya ndege tangu ilipozaliwa. Atakuwa mkaguzi wa TCAA, mtu mwenye mamlaka ya kuiambia ndege ya tajiri yeyote: leo huruki. Atakuwa mchunguzi wa ajali. Tunakumbuka kwa uchungu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43, wenzetu 19 walipoteza maisha, na wavuvi ndio waliotangulia kufika kuokoa. Baada ya wavuvi huja wachunguzi, wanaouliza kila kipande cha chuma na kila dakika ya safari, ili msiba ule usijirudie kwa wengine. Hiyo nayo ni huduma kwa wafiwa.

Atakwenda Kamandi ya Anga ya Jeshi la Wananchi. Atafundisha NIT. Atatumikia ndege za huduma: mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao iliyozaa AMREF, na tangu siku hizo wagonjwa wa mbugani wamekuwa wakifikiwa kwa ndege ndogo. Nyuma ya kila daktari aliyetua porini salama kulikuwa na fundi aliyekagua magurudumu.

Na lipo shamba jipya, ndege zisizo na rubani, hizi mnazoziita droni. Mwaka 2018 droni ya majaribio ilikuwa ikipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi. Rwanda wamekuwa wakisafirisha damu kwa hospitali za vijijini namna hiyo tangu 2016. Zanzibar walizitumia kupima ramani ya visiwa vyao. Tazameni milima ya Usambara hapo juu yetu, fikirini zahanati ambazo mvua ikinyesha barabara zake hazipitiki, mniambie kama Korogwe haihitaji wahandisi wa vyombo hivi. Fikirini wakulima wa mpunga wanaofukuza kwelea kwelea kwa makopo na kombeo.

Wako watakaofika mbali zaidi, kwa Airbus Toulouse, kwa Embraer Brazil, kwenye karakana za Dubai na Doha. Waende. Yusufu alitumika Misri akawalisha ndugu zake. Ila mtoto, ukienda, usikate kamba: rudisha ujuzi, rudisha vitabu, mshike mkono mdogo wako aje nyuma yako.

MANENO KWA KILA MMOJA

Mwanafunzi, nakuanza wewe. Miaka nenda miaka rudi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wa nchi hii wanafeli Hisabati, na tumefika mahali pa kulizoea jambo hilo kana kwamba ni hali ya hewa. Likatae. Unapofika kidato cha tatu usiikimbie Fizikia kwa sababu rafiki yako ameikimbia. Lenga Fizikia, Kemia na Hisabati kidato cha tano. Jifunze Kiingereza kwa bidii, maana vitabu vyote vya matengenezo ya ndege utakavyopewa vimeandikwa kwa lugha hiyo, na neno moja ulilolielewa vibaya ni bolti moja iliyofungwa vibaya. Na acha kuibia mitihani! Nasema kwa sauti kuu: anayeibia mtihani leo ndiye atakayesaini uongo kesho karakanani. Mikono ile ile, moyo ule ule. Heri upate C ya kwako, uisahihishe kwa jasho, kuliko A ya wizi itakayoua watu.

Binti yangu, wewe wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Korogwe na wewe wa shule ya kata, usikubali kuambiwa spana si ya mwanamke. Mary Jackson, mwanamke mweusi wa Hampton, Virginia, alikuwa mpiga hesabu katika taasisi ya utafiti wa anga. Ili awe mhandisi alihitaji masomo ya jioni yaliyofundishwa katika shule ya wazungu watupu. Alikwenda kuomba kibali cha mji, akakipata, akaketi darasani, na mwaka 1958 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Wewe hakuna sheria inayokufungia mlango. Kama kuna mwanamume anayekuharakisha kuolewa kabla hujamaliza, mwambie asubiri. Na asiyeweza kusubiri, aende.

Baba, mama, msimvunje moyo mtoto kwa kumuuliza kama amewahi hata kupanda ndege. Bezaleli naye hakuwahi kuona hema ile kabla ya kuijenga. Ualimu ni kazi tukufu, na Chuo chetu cha Ualimu hapa Korogwe kimeinufaisha nchi nzima. Udaktari ni kazi tukufu. Lakini msimlazimishe kila mtoto mwenye akili kupita katika milango miwili mnayoijua. Mpeni taa ya kusomea. Mpunguzieni kazi za nyumbani mwezi wa mtihani. Uzeni mbuzi, ndiyo, uzeni mbuzi, maana mbuzi atazaliwa mwingine na muhula haurudi.

Mwalimu wa Fizikia, wewe ndiwe Musa wa habari hii. Wewe ndiwe unayeambiwa jina la Bezaleli kabla watu hawajamjua. Ukimwona, mwite. Mwambie usoni kwamba amejaliwa. Watoto wetu wengi hawajawahi kuambiwa neno hilo na mtu mzima yeyote.

Ndugu zetu Waislamu mtakaousoma ujumbe huu, tunakaa mtaa mmoja na mbingu iliyo juu yetu ni moja. Mapokeo ya Andalusia yanamtaja Abbas ibn Firnas, mwanazuoni wa karne ya 9 huko Kordoba, aliyejifunga mabawa akajaribu kuruka. Elimu hii ni urithi wenu pia. Tushindane katika kuwasomesha watoto.

Na wewe kanisa, nisikilize kwa makini. Tumejenga mnara wa kengele kwa harambee, tumenunua vyombo vya muziki kwa harambee. Hatushindwi kumsomesha Bezaleli mmoja. Ufunguliwe mfuko wa vijana wa sayansi, hesabu zake zisomwe hadharani kila robo mwaka, asaidiwe mtoto wa maskini mwenye alama, bila kuuliza ukoo wake wala kwao ni Usambaani au Uziguani. Siku atakapoondoka kwenda Mabibo, aitwe mbele ya madhabahu kama tunavyowaita watumishi, wazee wamwekee mikono juu ya kichwa na juu ya mikono yake pia, maana mikono hiyo inakwenda kubeba uhai wa watu.

Basi, nani atakubali? Usingoje sauti kutoka mbinguni. Kipawa ulichopewa ndicho sauti. Atakayekubali aje baada ya ibada, aandikishe jina lake, darasa lake na alama zake za Hisabati kama zilivyo, hata zikiwa mbaya. Tutawatafuta walimu, tutakutana kila Jumamosi mchana, tutaanza na aljebra. Na Mungu aliyemjaza fundi Roho yake awape akili ya kuelewa, subira ya kurudia na uaminifu wa kutosaini uongo, kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo, aliyekuwa seremala.

Amina.